Nani Aliyechukua Mbuzi ya Nazi

Kwetu Kisauni, siku huanza na nazi.

Tukishasali alfajiri, mwanangu Nadira huvunja nazi mbili kwenye jiwe la uani. Mimi hukaa juu ya mbuzi, nikakuna. Yeye hukamua tui na kulitia kwenye sufuria ya mbaazi. Jua likichomoza, mahamri yako kwenye beseni, na Nadira yuko kwenye kibanda chetu kando ya barabara. Wateja humwita Nadira wa Mbaazi. Mimi huniita Bi Mwanasaumu, na wadogo huniita bibi.

Mbuzi yangu niliachiwa na mama. Kiti chake kimekuwa cheusi kwa kukaliwa miaka. Chuma chake kina meno, na meno yake bado yanauma. Watoto wa mtaa nimewatega kitendawili chake mpaka wamechoka nacho.

"Ana ulimi hana mdomo, anakula nazi hashibi."

"Mbuzi, bibi. Tutegee kingine."

Asubuhi moja nilitoka uani na nazi zangu mbili. Mbuzi haikuwapo.

Nikatafuta jikoni. Nikatafuta nyuma ya pipa la maji. Nikatafuta hata chooni. Haipo. Siku hiyo mbaazi tulizitia tui la pakiti. Mteja mmoja alionja, akaniuliza kama nimefiwa.

Na mbuzi haikuwa kitu cha kwanza kupotea. Kwanza ulipotea mkasi wa kushonea. Kisha nyembe mbili. Kisha kisu cha samaki, kisha kisu cha mkate. Kila mara tulinunua kingine, na kingine nacho kikaenda.

"Nyumba hii ina mwizi," nilimwambia Nadira.

"Ina mwizi, mama," akajibu. "Nami namwogopa."

Sasa nikwambieni nyumba yetu ilivyo. Ina vyumba vitatu na ua mmoja. Kimoja changu, kimoja cha Nadira, kimoja cha mpangaji. Mpangaji wetu ni Margret, mwanamke wa bara. Anafua mashuka katika hoteli moja kule Nyali. Alihamia kwetu mwezi wa pili. Mkasi ulipotea mwezi huo huo wa pili. Mtu akihesabu hivyo, hesabu inatoka haraka.

Lakini mwezi wa pili lilitufika jambo jingine pia. Hilo sikulitia katika hesabu yangu.

Asubuhi ya Jumanne moja, vijana wenye mapanga walipita barabarani. Walioona wanasema walikuwa saba. Walifika kwenye kibanda chetu. Jirani yetu Mzee Boga alikuwa amekaa pale akingoja chai yake. Walimkata, wakachukua simu yake, wakaenda zao. Mzee Boga alifia njiani akipelekwa hospitali. Nadira alikutwa chini ya meza. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Askari walipomuuliza, alisema hivi: "Nakumbuka nikimmiminia chai. Kisha nakumbuka niko nyumbani, mama ananiosha miguu. Hapo katikati hamna kitu."

Mtaa haukumwamini. Mwanamke mmoja alisema dukani, nami nikiwa nyuma yake, "Alikuwapo, hakuguswa, na ati hakumbuki. Huyo anawajua." Wateja wakapungua. Waliobaki walikula wakimtazama pembeni.

Mimi nilimwambia mwanangu neno ambalo niliona ni la hekima. Nilimwambia, "Mshukuru Mungu umepona. Usilitaje tena jambo hili. Lisilotajwa hufa."

Hakulitaja tena. Nami nikadhani limekufa.

Siku mbuzi ilipopotea, nilimngoja Margret ukumbini mpaka aliporudi kazini.

"Margret, mbuzi yangu iko wapi?"

"Mama Nadira, mimi hata sijui kutumia hiyo kitu."

"Sijakuuliza kutumia. Nakuuliza iko wapi."

"Sijaiona. Hata mimi kisu yangu ya mboga imepotea. Nilifikiri mmeazima, nikanyamaza."

Nikacheka kwa pua. "Mwizi mjanja hujiibia kidogo mwenyewe."

Margret aliweka mfuko wake chini. "Heri uniambie nihame."

"Sijasema uhame."

"Umesema, mama. Umesema na macho."

Kweli macho yangu yalikuwa na kazi siku hizo. Akitoka na mfuko, naupima uzito kwa kuutazama. Akipika, nanusa kama kuna nazi. Akifunga mlango wake, naona anaficha kitu. Akiuacha wazi, naona anajionyesha kuwa hana la kuficha. Mtu akishamshuku mwenzake, hata akicheka ni ushahidi.

Nikaenda kwa Mwalimu Sharif, anayesomesha watoto Kurani chuoni. Nikamwambia nataka kisomo cha Halbadiri.

Kisomo hicho si mchezo. Sisi watu wa pwani tunakijua. Mtu akidhulumiwa na asimjue aliyemdhulumu, hukusanya wasomaji wakamshtaki kwa Mungu. Wengi wanaamini kuwa mwenye makosa hapati salama. Huvimba, huumwa, hata hufa.

Mwalimu Sharif alivua miwani yake. "Kwa mbuzi ya nazi, Bi Mwanasaumu?"

"Si mbuzi, mwalimu. Ni usalama wa nyumba yangu. Leo visu, kesho ni shingo yangu."

"Unamshuku nani?"

"Nina wangu moyoni."

"Huyo wa moyoni muache humo humo. Tangaza kwanza. Toa siku tatu, mtu arudishe kwa siri. Asiporudisha, Alhamisi baada ya alasiri tutakuja."

Jumatatu jioni nilisimama katikati ya ua. Majirani walikuwa wakichungulia juu ya ukuta, nami sikuwafukuza. Nikasema, "Aliyechukua vitu vyangu arudishe. Alhamisi inasomwa Halbadiri hapa. Atakayevimba asiseme sikumwonya."

Nilisema hayo nikimtazama Margret. Kila mtu alimwona ninayemtazama. Margret aliingia chumbani, nikasikia akiburuta sanduku lake.

Nadira alikuwa amekaa kizingitini. Akasema kwa sauti ndogo, "Isomwe, mama. Mimi nimechoka na mwizi huyu. Apatwe na lolote."

Nikasema, "Amin."

Siku ya pili alikuja Suad. Suad ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Hupita nyumba kwa nyumba na mkoba wake, akitupima presha na kuuliza kama maji ya kunywa tumechemsha.

"Hodi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipime. Leo presha yangu imepanda mpaka juu ya paa."

Alikuwa ananifunga kitambaa cha kupimia mkononi Nadira aliporudi kutoka kibandani. Nadira alitusalimu, akafunga mlango wa mbele kwa komeo. Akalifungua, akalifunga tena. Akaenda hatua tatu, akarudi, akaanza upya. Mimi niliendelea kumhesabia Suad vitu vilivyoibiwa, hata kisu ambacho Margret alidai kimepotea. Nilikuwa nimezoea. Suad alisikiliza sauti ya chuma.

"Nadira, vidole vyako vimefanya nini?" akauliza. Vilikuwa vimechubuka kwenye vifundo.

"Komeo ni gumu," Nadira akasema, akaingia chumbani kwake.

Suad akainamisha kichwa. "Bibi, hufanya hivi kila siku?"

"Anaogopa mwizi. Nani asiyemwogopa?"

"Nimehesabu. Amefunga mara saba. Akaenda, akarudi, akafunga saba tena."

"Basi? Kuna sheria ya idadi?"

"Hamna. Analala?"

"Hulala akiamka kila saa. Na mchana mara nyingine hupotea."

"Hupotea vipi?"

"Unazungumza naye, naye yuko hapo, lakini hayuko. Kisha anarudi, anakuuliza ulikuwa unasema nini."

Suad aliandika kitu. Kisha akasema, "Bibi, wewe ndiye bingwa wa vitendawili mtaa mzima. Leo nikutege mimi."

"Tega."

"Mkasi, wembe, kisu cha samaki, kisu cha mkate, kisu cha Margret, mbuzi ya nazi. Wote hao ni ndugu. Ukoo wao ni upi?"

"Chuma," nikasema haraka.

"Koleo lako la makaa ni chuma. Limeibiwa? Na simu yako imelala juu ya kiti hiki tangu nije. Imeibiwa?"

Nikafikiri. Kitendawili kikinishinda huniwasha kama upupu. "Makali," nikasema mwisho. "Vyote vina makali."

"Umekitegua," akasema Suad. "Sasa mwizi gani huacha simu, akachukua makali tu?"

"Mchawi."

"Au mtu anayeyaogopa."

Nilielewa anakoelekea, na moto ukanipanda. "Suad, unataka kuniambia mwizi ni mwanangu? Mwanangu aliyesema kisomo kisomwe?"

"Sijasema mwizi, bibi."

"Kunja vitu vyako uende."

Alikunja. Mlangoni akageuka. "Presha yako imepanda kweli. Na nambari yangu unayo."

Jumatano nilikuwa na hasira za kutaka kuonyesha kwamba Suad ni mwongo. Margret alikuwa na siku yake ya mapumziko. Nikanunua kisu kipya, mpini wake wa kijani. Nikakiweka juu ya meza ya jikoni, wazi kabisa. Baada ya adhuhuri, jua likiwa kali na watu wamejilaza, nilitandika mkeka ukumbini. Nikafumba macho nusu, nikakoroma kwa uongo.

Margret alipita. Aliingia jikoni, akakiona kisu. Akachota maji, akanywa, akaenda zake.

Nilisikitika. Wallahi, nilisikitika kwamba hakukichukua.

Kisha akatoka Nadira. Alitembea taratibu, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. Alikichukua kisu, akakizungushia kitambaa, akakifunga kwa uzi, fundo juu ya fundo. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakunitazama. Alinipita, akaingia chumbani kwangu.

"Nadira," nikaita.

Mwanangu tangu utoto nikimwita hujibu "abee". Hata akiwa na homa, hata akiwa amekasirika. Siku hiyo hakujibu. Nikasikia kitu kikiburutwa chini ya kitanda changu. Kisha akatoka, akaenda kulala.

Nilipiga magoti nikachungulia. Chini ya kitanda changu kuna sufuria kubwa ya harusi, ambayo haitoki mpaka kuwe na karamu. Nikafunua kifuniko. Vyote vilikuwemo. Mkasi, nyembe, visu vyetu, kisu cha Margret. Kila kimoja kimefungwa kwa kitambaa, kama kitoto kichanga. Chini kabisa ilikuwa mbuzi yangu, imeviringishwa kwa leso yangu kuukuu.

Nilikuwa nimeifunika sufuria na kuirudisha, bado nimekaa chini pale, Nadira alipokuja mlangoni. Macho yake sasa yalikuwa yake.

"Mama, kisu kipya kimeibiwa tena," akasema. "Yumo humu ndani, mama. Mwizi yumo humu."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimewaita watu waje kumlaani mwanangu mwenyewe, naye mwenyewe alikuwa ameitikia.

Sikumwonyesha sufuria. Sijui ni nani aliyenizuia, maana ulimi wangu si mzito. Nilisema tu, "Kaa hapa, mwanangu." Kisha nikamtafuta Suad kwenye simu.

"Usimpigie kelele," Suad akaniambia. "Usimwite mwizi, wala usimwambie ana jini. Na usimlazimishe akumbuke. Kesho asubuhi twende kituo cha afya. Kuna mshauri pale, kazi yake ni watu waliopatwa na mambo mazito."

"Na kisomo?"

"Hilo ni lako, bibi."

Nilijitanda leso, nikaenda kwa Mwalimu Sharif kabla ya magharibi. Nikamwambia vitu vimeonekana, kisomo kisiwepo. Sikumwambia vilikuwa wapi. Alinitazama, akaelewa zaidi ya niliyosema.

"Nilikuwa sina raha nacho," akasema. "Kumshtaki usiyemjua ni kama kurusha jiwe gizani. Nenda. Nitamwombea dua aliye mgonjwa, na aliye mgonjwa apelekwe hospitali. Dua haimzuii daktari."

Alhamisi tukaenda. Nilimwambia Nadira tunakwenda kwa sababu ya usingizi wake, na hilo lilikuwa kweli. Mshauri aliitwa Cheryl. Nilipomwona nilikata tamaa. Msichana mdogo, wa bara, kucha zake fupi, kiti chake cha plastiki. Nikajiambia, huyu atajua nini? Hata kuzaa hajazaa.

"Karibuni," alisema. "Shikamoo, mama. Nadira, ungependa tuzungumze sisi wawili, au mama akae nasi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Nadira hivyo tangu mwezi wa pili. Wote tulimwambia tu. Alifikiri, akasema, "Kwanza sisi wawili."

Nilitolewa nje kama kuku. Nilikaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima, nikimshuku yule msichana. Anamwambia nini mwanangu? Anaandika nini? Atampeleka kwa askari?

Walipoita, nikaingia. Nadira alikuwa amelia, lakini alikuwa amekaa wima.

"Mama," akasema Cheryl, "anayoniambia Nadira hayatoki humu bila ruhusa yake, ila nikiona maisha ya mtu yako hatarini. Amekubali usikie baadhi. Na wewe una la kumwambia?"

Nikamwambia. Nilishika mkono wake, nikamwambia juu ya sufuria ya harusi. Nilimwambia polepole. Uso wake ukabadilika.

"Ni mimi?" akasema. "Mimi nilisema isomwe. Mama, nilisema mwizi apatwe na lolote."

"Hukuiba," Cheryl akasema. "Nadira, weka miguu yote miwili sakafuni. Isikie sakafu. Niambie vitu vitatu unavyoviona humu ndani."

"Dirisha," akasema Nadira. "Feni. Viatu vya mama."

"Vizuri. Uko hapa, na leo ni Alhamisi."

Nilitaka kucheka. Viatu vyangu ni dawa? Lakini pumzi ya mwanangu ilikuwa inakuja mbio, na sasa ilikuwa inapungua.

"Huu ni ugonjwa gani?" nikauliza. "Ni jini?"

"Mama, umewahi kubeba sufuria ya moto ukaiachia bila kukusudia?"

"Mara nyingi."

"Hukuamua. Mkono uliamua wenyewe ili usiungue. Akili nayo ikibebeshwa jambo kubwa mno huweza kuliachia. Ndiyo maana Nadira hakumbuki. Hasemi uongo. Lakini ile hofu haikwenda. Imebaki mwilini, inatafuta usalama. Inamwambia afunge komeo, arudie, arudie. Inamwambia aondoe kila chenye makali. Wakati mwingine anafanya akijua ila hawezi kujizuia. Wakati mwingine anafanya akiwa kama hayupo, na baadaye hakumbuki."

"Anafunga mara saba," nikasema.

"Kwa nini saba?" Cheryl akamuuliza Nadira.

"Sijui. Nikifunga sita, moyo unakataa."

Mimi nilijua. Wale vijana walikuwa saba. Kichwa chake kilisahau, mkono wake ukakumbuka.

Cheryl alimuuliza pia, mbele yangu, swali lililonishtua. "Umewahi kufikiria kutumia kisu kujiumiza mwenyewe?"

Nilitaka kumziba mdomo. Mambo hayo hayatajwi. Lakini Nadira alijibu bila kusita. "Hapana. Naogopa mtu atamkata mama."

"Kuuliza hakumpi mtu wazo," Cheryl aliniambia baadaye. "Kutouliza ndiko hatari. Akisema ndiyo, hafai kuachwa peke yake, na aletwe siku hiyo hiyo."

Siku ile pia daktari alimpima kichwa na damu, akauliza kama huanguka kifafa, maana kusahau kuna sababu nyingi. Hawakuona kitu. Akapangiwa kuja kila Alhamisi.

"Na hiyo asubuhi aliyoisahau?" nikauliza. "Mtamkumbusha?"

"Hatutamchimbua. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Kupona hakungoji kukumbuka kila kitu."

Tulipokuwa njiani nilimwambia Nadira, "Limebaki la Margret."

Akashika mkono wangu. "Usiwaambie watu, mama. Bado."

Alasiri ile majirani walikuja wenyewe. Walikuwa wamesikia kuna kisomo. Waliketi wakitazama mlango wa Margret. Margret alikuwa amekaa juu ya sanduku lake lililofungwa, anangoja gari la kumhamisha.

Nilimtuhumu mbele ya watu, na radhi niliiomba mbele ya watu. Nilisimama pale pale katikati ya ua.

"Hakuna kisomo," nikasema. "Vitu vyote vimeonekana. Vilikuwa chini ya kitanda changu mwenyewe. Margret hakuchukua kitu. Margret, nilikutukana kwa macho na kwa mdomo. Nakuomba radhi."

Kisha mwanamke mmoja akasema, "Chini ya kitanda chako? Kumbe uzee umekufika, Bi Mwanasaumu." Wakaanza kucheka. Walicheka sana. Mmoja akaniuliza kama najua leo ni siku gani.

"Alhamisi," nikasema. Niliwaacha wacheke. Kicheko kile kilikuwa juu yangu, na hakikumfika mwanangu.

Margret hakucheka. Nilimrudishia kisu chake kwa mikono miwili. Alikipokea, akakigeuza.

"Ni nani alikifunga na kitambaa?" akauliza.

"Siwezi kukwambia, mwanangu. Siyo siri yangu."

Alitazama komeo la mlango. Kisha akatazama chumba cha Nadira. Aliliburuta sanduku lake, akalirudisha ndani. Baada ya wiki kadhaa Nadira alimwambia mwenyewe, wakiwa wanaanika nguo. Margret akajibu, "Nilijua tangu ile siku. Usijali. Kisu yangu nitakuwa naiweka kwa droo, ukitaka kuiona ni wewe utaniambia."

Msidhani mambo yalinyooka siku moja. Cheryl alitupa kazi, na nyingine ilikuwa yangu. Nadira alikuwa akiniuliza, "Mama, mlango umefungwa?" nami nikimjibu mara ishirini kwa siku. Cheryl alisema, "Mjibu mara moja kwa upole. Akiuliza tena, usimjibu, usimkemee. Kaa naye mpaka hofu ishuke. Hofu hushuka yenyewe ukiingoja." Nilidhani ni ukatili. Nilikaa naye nikiuma leso yangu. Hofu ikashuka.

Komeo lilitoka saba likawa sita. Lilikaa kwenye sita kwa wiki tatu. Mbuzi niliitoa kwenye sufuria, ikakaa uani imefunikwa, Nadira akiitazama kwa mbali muda wa kunywa kikombe cha chai. Wiki nyingine ilifunuliwa. Wiki nyingine aligusa kiti chake.

Kisha siku moja mtu alipita akinoa panga kwenye ukingo wa barabara. Nadira alijikuta nyumbani bila kujua alivyofika. Kisu cha kijani tukakikuta tena ndani ya sufuria ya harusi. Nililia, nikasema tumerudi nyuma.

"Mtoto akijifunza kutembea akaanguka, humrudishi tumboni," Cheryl aliniambia. Nikakumbuka nilivyosema kwamba hajazaa. Nikaona haya.

Nilimuuliza pia kwa nini mwanangu alivificha chini ya kitanda changu, wala si kuvitupa jalalani.

"Huenda aliviweka mahali anapopaamini," akasema. "Mtu akitaka kuvifikia, ampite mama kwanza."

Na katika mwezi wa nane Nadira alikumbuka kitu kimoja. Tulikuwa tunachambua mbaazi. Akasema, "Mzee Boga aliniambia, 'Inama, binti.' Kisha akasimama." Basi. Mengine hayajarudi. Hilo moja alilipeleka kwa mjane wa Mzee Boga kwa hiari yake mwenyewe. Walikaa wawili ndani muda mrefu. Yule mjane alipotoka kumsindikiza, alimshika bega mpaka barabarani, watu wakiona. Wateja walirudi mmoja mmoja. Yule mwanamke wa dukani naye alikuja, akanunua mahamri manne, akala bila kumtazama pembeni.

Wewe unayesoma, huenda nyumbani kwako yupo anayenawa mpaka ngozi ikatoka, au anayerudia kufunga, au anayesahau siku nzima baada ya jambo zito. Usimwite mwongo. Usimwambie lisilotajwa hufa, maana mimi nililisema hilo, na halikufa. Lilihamia chini ya kitanda changu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, uliza mshauri. Kama una mhudumu wa afya wa mtaa, usimfukuze kama nilivyomfukuza Suad.

Ijumaa iliyopita niliamka na mafua, nikakosa nguvu ya kutoka kitandani. Kulikuwa kumepambazuka. Nikasikia mlio uani, kwaru, kwaru, kwaru. Ukanyamaza. Nikangoja nikiwa nimeshika shuka. Kisha ukaanza tena.

"Nadira," nikaita.

"Abee, mama."

"Unafanya nini huko?"

"Nakuna nazi. Wewe lala."

Nikalala.